Jinsi ya Kukagua Fimbo ya Kale ya Kiingereza Kabla Hujatoa Pesa

Fimbo ninazokusanya ni za enzi ya Malkia Victoria: henzirani au mti mweusi mgumu, mpini wa pembe (si ya ndovu), na pete ya fedha pale mpini unapokutana na mti. Muuzaji atakuonyesha mpini kwanza. Wewe igeuze juu chini.

1. Anza na ncha. Anayetembelea fimbo huiegemea ikiwa imeinama kidogo, kwa hiyo kofia ya chuma au shaba inayofunika ncha huliwa upande mmoja. Ikiwa imelika sawasawa pande zote, ishuku. Kofia mpya si dhambi, ila bei ishuke.

2. Soma pete. Hapa usiwe na haraka. Shika lenzi ya kukuza mara 10, kaa karibu na dirisha, izungushe pete polepole. Utaona alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha. Simba anayetembea ni fedha ya asilimia 92.5. Alama ya mji fedha ilipopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Herufi iliyo peke yake ndani ya ngao ni mwaka. Lakini herufi hizo zilirudiwa kila mzunguko ulipoisha, hivyo linganisha mwandiko wake na umbo la ngao kwenye jedwali la alama za mji huohuo. Kisha pitisha ukucha pale pete inapokutana na mti. Ukigusa mwanya au gundi mbichi, huenda pete imetoka kwenye fimbo nyingine, na mwaka wake hauihusu hii uliyoshika.

3. Chunguza mpini. Mfupa una vidoa vyeusi vidogo. Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa, ina mistari inayokatizana. Nikiiona mistari hiyo narudisha fimbo mezani, hata iwe nzuri vipi. Uingereza yenyewe imebana biashara hiyo kwa sheria ya 2018 iliyoanza kutumika 2022, na kuivusha mpaka bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ni kosa.

4. Tafuta stendi ya kusimamishia fimbo. Za chuma cha kusubu ndizo imara. Kagua kama trei ya kukingia maji bado ipo, maana ndiyo hupotea kwanza. Ukikuta alama yenye umbo la almasi mgongoni au chini, muundo wa stendi hiyo ulisajiliwa kati ya 1842 na 1883.

5. Nyumbani. Paka mti nta kidogo kwa kitambaa laini. Pete usiisugue kwa dawa ya kung'arishia: kila msuguo unamfuta simba.