Kupima macho ya wenye kisukari kwa programu ya akili unde

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia muuguzi mwenzangu wa hapa Malindi, aliyekabidhiwa kamera ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) pamoja na programu inayotafuta madhara ya kisukari machoni.

Hatua ya 1. Soma programu imeidhinishwa kwa kazi gani. IDx-DR, programu mojawapo ya aina hii iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ilikusudiwa wenye kisukari wa miaka 22 na zaidi ambao hawajagunduliwa kuwa na ugonjwa wa retina unaoletwa na kisukari; haitafuti glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho).

Hatua ya 2. Pima uwezo wa kuona kwa chati, jicho moja moja, kabla ya matone yoyote ya kupanua mboni.

Hatua ya 3. Piga picha, na usiharakishe, kwa kuwa jibu haliwezi kuwa bora kuliko picha. Teremsha pazia zito, maana jua la Pwani likipenya chumbani mboni husinyaa na picha hutoka na kiza pembeni. Mgonjwa akishazoea giza, piga mbili kwa kila jicho: moja yenye kitovu cha retina katikati, nyingine yenye kichwa cha neva ya jicho. Doa likitokea mahali pale pale kwa wagonjwa wawili, limo kwenye lenzi, basi lifute. Mboni ikibaki ndogo, napendelea matone ya tropikamidi kuliko kurudiarudia flashi, ambayo huzidi kuisinyaza. Ila kwanza muulize kuhusu glakoma ya pembe finyu, ambayo matone haya yanaweza kuichochea, mulika jicho kwa tochi kutoka ubavuni uone kina cha sehemu ya mbele, na umkataze kuendesha bodaboda hadi ukungu umtoke. Picha iliyokataliwa na programu si jibu la uzima. Nchini Thailand, katika utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2020, takriban picha moja kati ya tano zilikataliwa. Mzee ambaye picha zake zinakataliwa hata baada ya matone huenda ana mtoto wa jicho, naye apelekwe kwa daktari wa macho.

Hatua ya 4. Asiyeonekana na ugonjwa arudi baada ya miezi 12. Lakini anayelalamikia kiwaa cha ghafla apewe rufaa siku hiyo hiyo, hata programu ikisema ni salama.

Hatua ya 5. Omba ridhaa, na usitume picha kwa WhatsApp, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Barua ya rufaa iandike kwa mkono, ukitaja jicho, siku ya kliniki na mahali pa kwenda.