Bega la nyuma kwenye ultrasaundi: uvimbe wa maji unaobana neva

Mchumaji wa karafuu huingia chumba cha ultrasaundi keshasuguliwa mafuta ya makonyo wiki nzima, na karatasi yake imeandikwa "maumivu ya bega", basi. Kabla ya jeli, mvue shati usimame nyuma yake. Chini ya mwiba wa kombe la mkono, yaani ule ukingo wa mfupa unaojitokeza mgongoni, pamebonyea upande mmoja? Abane kiwiko ubavuni, asukume kiganja nje nawe ukimzuia. Akishindwa kwa wepesi, usiishie kwenye kano za mbele.

Mkalishe akupe mgongo, kiganja cha mkono mbovu kishike bega la pili. Probu (kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi) bapa ya megahezi 7 hadi 12 inatosha. Mwenye mwili mkubwa anataka probu ya mviringo. Ilaze kwa upana chini kidogo ya mwiba, ufuate msuli wa infraspinatasi, ulio chini ya mwiba, kwenda nje mpaka uone duara linalong'aa la kichwa cha mfupa wa mkono. Jirani yake ni ukingo wa glenoidi, kikombe cha kombe kinachopokea kichwa hicho, na labra yake, pete ya gegedu inayoonekana kama pembetatu. Rudi kidogo kuelekea mgongoni: mfupa unazama kama kibonde. Humo hupita neva ya suprascapula, inayoendesha msuli huo.

Uvimbe huonekana mweusi, kingo safi, pengine wenye vifundo, na nyuma yake pamezidi weupe. Mara nyingi umegusana na labra, maana maji huvujia kwenye ufa wake.

Wengi hukosea kwenye vena. Vena iliyotanuka kibondeni nayo ni nyeusi na ya mviringo, na damu yake ikienda polepole Dopla, kipimo cha mtiririko wa damu, haiipaki rangi. Mshushe mkono, kiwiko ubavuni: "Ami, geuza kiganja nje, taratibu." Vena hutanuka; akigeuza ndani, husinyaa. Uvimbe haubadiliki hivyo. Na usikandamize probu, utaiziba vena ukaikosa.

Linganisha misuli na ya upande usioumwa. Infraspinatasi pekee ikiwa nyembamba na nyeupe, neva imebanwa kibondeni hapo. Supraspinatasi, msuli ulio juu ya mwiba, nayo ikiwa hivyo, tafuta juu zaidi, kwenye kijipengo cha ukingo wa juu wa kombe.

Andika vipimo vitatu vya uvimbe na hali ya misuli yote miwili. Msuli umenywea na uvimbe hukuuona? Usiandike "bega halina tatizo". Omba MRI (picha ya sumaku), ambayo pia huonesha ufa wa labra vizuri zaidi. Atakayenyonya uvimbe achukue sindano nene, ya geji 18, kwani ndani mna ute mzito kama jeli, na labra isipotengenezwa uvimbe huweza kurudi.