Inuka Kitini Bila Kushika Kitu

Wazee wangu wa Bombo, Arua na Kampala, tukiulizana afya huwa tunataja presha na sukari tu. Vipimo hivyo ni muhimu, msiviache. Lakini tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linaeleza kuzeeka vizuri kwa namna nyingine: ni kuendelea kuyaweza yale unayoyathamini. Mtu mwenye presha anayemeza dawa zake, anayekwenda sokoni mwenyewe na kuinuka kwenye mkeka wa sala bila kushikwa mkono, huyo kwangu ni mzima.

Basi jipime leo. Chukua kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani, simama wima kisha keti, uhesabu umesimama mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kwa mwenye miaka 65 hadi 69, mwanamke akipata chini ya 11 au mwanamume chini ya 12, miguu imepungua nguvu na hatari ya kuanguka imepanda. Mtu awe karibu nawe, na kizunguzungu kikija acha.

Uzuri ni kwamba kipimo chenyewe ndicho zoezi. Rudia mara chache asubuhi na jioni, ukiongeza polepole. Hata misuli ya mzee wa miaka 80 bado hujengeka. Na sahani isiwe matoke peke yake: weka maharage, mukene (dagaa) au mchuzi wa karanga. Nanyi watoto, mkimwona mama anainuka kuchota maji, msimkimbilie kila mara kumwambia akae.