Kukata majina ya funguo kwenye kamusi ya Python

Mama mdogo anauza kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu. Kila jioni binti yake ananitumia bei za siku, ameziandika kwa simu. Nikizisoma kwa Python, lugha ya kuandikia programu, napata kamusi (dict), yaani orodha ambamo kila jina, linaloitwa ufunguo, lina thamani yake. Ni kama hii, bei kwa franka (sambaza ni samaki wadogo, makala ni mkaa):

```
bei = {
    "bei_sambaza ": 12000,
    "bei_biringanya": 2000,
    "bei_embe": 1000,
    "bei_makala": 60000,
}
```

Tazama sambaza: nyuma ya jina kuna nafasi. Ukiita `bei["bei_sambaza"]` utapata KeyError, yaani kosa la ufunguo usiopatikana. Ukishuku kitu kama hicho, andika `print(list(bei))`. Alama za nukuu zitakuonyesha nafasi iliyojificha.

Ufunguo haubadilishwi jina palepale ulipo. Jenga kamusi mpya:

```
safi = {k.strip().removeprefix("bei_"): v
        for k, v in bei.items()}
```

`strip()` inaondoa nafasi za mwanzo na mwisho wa jina, na `removeprefix()` inakata "bei_" ya mwanzo. `strip()` itangulie, kwa sababu nafasi ikiwa mbele ya jina, `removeprefix()` haitaiona "bei_" na haitakata kitu. Unahitaji Python 3.9 au ya baadaye.

Zamani nilikuwa naandika `lstrip("bei_")`. Sambaza na makala zilitoka vizuri, nikaamini. Kisha mama mdogo akaniuliza biringanya zake zimeenda wapi kwenye hesabu. Kufungua kamusi, nikakuta "ringanya", na embe limekuwa "mbe". `lstrip` haichukui "bei_" kama neno moja. Inachukua b, e, i na _ kila moja peke yake, inazila kutoka kushoto kwa mpangilio wowote, mpaka ikutane na herufi isiyokuwa kati ya hizo. Ndiyo maana ilikula hadi "bi" ya biringanya. Iliniuma, maana ile ni hesabu ya mtu aliyeshinda juani.

Jambo la mwisho ni majina kugongana. Binti akiandika "bei_makala" asubuhi na "bei_makala " jioni, baada ya kukata zote zinakuwa "makala". Python inabakiza bei iliyokuja nyuma, nayo haikuambii. Kwa hiyo ongeza:

```
if len(safi) != len(bei):
    print("Majina yamegongana:", list(bei))
```

Ujumbe huo ukitokea, sichagui bei mwenyewe. Nampigia binti simu, ananiambia gunia liliuzwa kwa ngapi.