Somo: Bakuli la karatasi kwa Darasa la Nne, lenye mapambo ya Tingatinga

Kila muhula naulizwa upya kwa nini mabakuli ya watoto huoza kabla ya kupakwa rangi, kwa hiyo naziandika hatua zote hapa ili atakayeuliza tena nimwelekeze asome.

1. Chaneni magazeti vipande vyenye upana wa vidole viwili, msitumie mkasi.

2. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika maji baridi, umimine kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, upike hadi uwe uji mzito. Mwalimu ndiye apikaye.

3. Pindua bakuli la plastiki kifudifudi, ulipake mafuta ya kujipaka.

4. Bandikeni safu za karatasi. Hapa ndipo nilipoharibu. Wakati wa masika niliwaacha watoto wabandike safu sita kwa kipindi kimoja, kwa kuwa nilitaka kuiwahi siku ya wazazi. Nje yalikauka yakawa magumu, nami nikayapanga kabatini. Siku ya nne nilipofungua, harufu ilinipokea mlangoni, na kila bakuli lilikuwa limeota ukungu wa kijani. Mtoto mmoja aliniuliza kama la kwake linaweza kuoshwa. Unga ni chakula, na unyevu ukifungiwa ndani yake lazima ukungu uote. Bandikeni safu mbili tu kwa siku, muanike penye upepo, na kabla ya kuongeza nyingine mliguse bakuli kwa shavu: likiwa na ubaridi, bado lina maji. Msiyapandanishe kamwe.

5. Safu sita zikikauka, livueni.

6. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji ambaye mtindo huu wa mapambo umepewa jina lake, na aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi; watoto watumie rangi za maji, kwa sababu zile zina harufu kali. Pakeni kwanza rangi moja bakuli zima, ikikauka mchoreni mnyama mmoja mkubwa, na madoa yaje mwisho kwa kitako cha penseli.

MASWALI

Swali: Yakauke kwa siku ngapi?
Jibu: Soma hatua ya 4. Kipimo ni shavu, si kalenda.

Swali: Nikiyaweka kwenye oveni ili niwahi?
Jibu: Uso utakauka na ndani patabaki pabichi, yaani kosa lile lile nililolieleza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tuchane badala ya kukata?
Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuuliza. Ukingo uliochanwa una nyuzi zinazojitokeza, nazo hulala juu ya kipande cha jirani zikashikamana nacho, ilhali ukingo wa mkasi huacha ngazi inayoonekana hata chini ya rangi. Waache watoto wachane gazeti kwa urefu, kisha kwa upana: upande mmoja litanyooka, mwingine litakwenda kombo, kwa kuwa nyuzi nyingi zimelala kuelekea upande mmoja. Wangu walitumia nusu kipindi kulijaribu hilo, na sikuwakatiza.

Swali: Huku kwetu unga wa muhogo ndio rahisi. Unafaa?
Jibu: Unafaa sana, upikwe vivyo hivyo. Na kila mtoto aandike jina kwenye kitako kabla ya rangi, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huchuruzika.