Bustani ya kituo cha utafiti Dodoma, bila kumaliza maji
Kabla ya kununua mche wowote, subirini mvua inyeshe, mtembee kiwanjani muone maji yanakokimbilia. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, basi maji ya paani ni mali. Mimi huyanasa kwa makinga-maji ya nusu mwezi, yaani matuta ya udongo yaliyopinda, mdomo ukitazama juu ya mteremko, mche ndani yake, nyasi kavu shinani.

Mkwaju na mgunga vinafaa kwa kivuli. Mbuyu uwekeni mbali na maabara, utanenepa. Bustani ya ukoka achaneni nayo, jamani, inakunywa maji ya watu! Mbuzi wazuieni kwa matawi ya miiba mpaka mche uwapite kimo.