Wagoni ya bodi ya mbao juu ya Land Rover kuukuu: vile ya kuijenga ukiwa Malindi

Watu wengi wakisikia gari la mbao wanafikiria mapambo tu, na sivyo. Ford walikuwa wakiuza wagoni za bodi ya mbao tangu 1929, na walikuwa na kiwanda chao cha mbao kule Iron Mountain, Michigan. Uingereza nako Morris Minor Traveller ilitoka 1953 hadi 1971 na mbao za nyuma ndizo zilizoshika gari, si urembo, hata kwenye ukaguzi mbao ikioza gari lilikuwa linafeli. Na jirani zetu Zanzibar wamepanda daladala za mbao miaka na miaka. Sasa sisi huku tuna mafundi wa majahazi, tuna mafundi wa milango, na Land Rover za zamani bado zipo mashambani zimelala chini ya miembe, kwa hiyo mi naona hakuna sababu mtu wa pwani asijenge yake, bora ajue jambo moja: huku adui si maji ya mvua, adui ni maji yaliyokwama ndani ya mbao yakakosa pa kutokea. Kila ntakalosema hapa linarudi hapo.

Tuanze na gari. Tafuta pikapu ya Land Rover ya 109, ile ndefu, 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kama mita 2.77 hivi. Sababu ya kuitaka hiyo ni kwamba kitanda cha nyuma kimefungwa kwa bolti, ukizifungua kinatoka kizima na chini unabaki na chasisi inayosimama yenyewe. Lakini hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia, manake bodi yake ni ya alumini, haili kutu kama bati, kwa hiyo unaona gari liko sawa juu na kumbe chasisi imeliwa kwa ndani na chumvi. Lala chini na nyundo ndogo, gonga krosi memba ya nyuma, yaani ile boriti ya chuma iliyokingama mwisho wa chasisi, gonga ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi, gonga pale springi zinaposhikana na chasisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa. Ukipata shaka sukuma bisibisi kwa nguvu, ikizama basi hiyo ni kazi ya kuchomelea kwanza kabla hujanunua hata ubao mmoja. Injini usihangaike nayo sana saa hii, ile ya lita 2.25 mafundi wanaijua.

Na kabla hujatoa pesa linganisha namba ya chasisi na logibuku, kisha ujue kwamba kubadilisha aina ya bodi ni lazima kupitie NTSA, ile mamlaka ya usafiri, na ukaguzi, logibuku isomeke gari lilivyo. Nenda ukaulize mapema na mchoro wako mkononi, usingoje ushamaliza.

Ukishatoa kitanda, pima chasisi pembe kwa pembe, kulia mbele hadi kushoto nyuma alafu kinyume chake. Vipimo visipolingana chasisi imepinda na milango yako haitafunga maisha. Sehemu ya mbele yote iache vile ilivyo, kioo, dashibodi, milango ya dereva, mbao zianzie nyuma ya viti. Angalia pia tangi la mafuta, kwenye pikapu nyingi za 109 liko chini ya kiti cha kulia na mdomo wake unatokea ubavuni nyuma ya mlango, kwa hiyo huo ubavu wa mbao lazima uupangie nafasi, tena uufungie kibanda chake kisichopitisha harufu ndani.

Mbao sasa. Fremu nzima mvule. Haipendwi na mchwa, haiozi ovyo, na haina uzito wa kupindukia. Mbambakofi ni mti wa heshima, milango ya Lamu inaonyesha, lakini ni mzito, mi ningeiweka kwenye zile boriti mbili za chini tu zinazokaa juu ya chasisi basi. Mvinje usiuguse, unapasuka na kujikunja, hata kama umejaa hapa na bei ni rahisi. Mvule nao una tabia zake, ndani unaweza kuwa na mawe yanayoua meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha kifua kwa hiyo vaa barakoa, alafu una mafuta mafuta, kila unapotaka kupaka gundi futa kwanza na thina usubiri ikauke. Nunua yadi yenye karatasi za KFS, ile idara ya misitu, usije ukasimamishwa njiani na mzigo. Na iwe imekauka kweli, kanuni ya kale ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ukiianika kivulini. Ukiwa na kipimo cha unyevu, asilimia 12 mpaka 15 inatosha kwa hewa ya huku.

Boriti za chini zifanye kama milimita 75 kwa 50, nguzo za mlango na za pembe 50 kwa 45. Kati ya boriti na chasisi weka raba nene, ya mkanda wa mashine au ya tairi kuukuu, bolti za M10 za stenlesi au zilizochovywa zinki, na usikaze mpaka raba ikatoka ulimi. Chasisi ya Land Rover inajinyonga barabarani, ukiifunga mbao kwa ukali ndio unapasua viungo vyote vya juu. Viungo vyenyewe viwe vya tundu na ulimi, epoksi na kigingi cha mbao. Msumari haukai kwenye gari, unalegea kwa mtikisiko.

Pale juu ya tairi na kwenye pembe za paa panahitaji mbao iliyopinda, na hapa ndipo ningekwenda kumwona fundi wa majahazi, wa Matondoni kule Lamu kama unaweza. Hawa hawapindi mti wakitaka mataruma, yaani mbavu za jahazi, wanachagua tawi lililopinda lenyewe, nyuzi za mti zinafuata mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikata mkunjo kwenye ubao ulionyooka, katikati ya mkunjo nyuzi zinabaki fupi fupi, umeukata mti pale pale penye mzigo, na siku moja kwenye shimo unasikia mlio. Chukua kipande mkononi ufuate nyuzi kwa kidole kabla ya kukubali. Jambo moja tu la kuelewana na fundi: yeye amezoea kazi ya jicho, na gari linataka kushoto na kulia zilingane sawasawa, kwa hiyo kata kiolezo cha plaiwudi nyembamba, chora upande mmoja, kigeuze uchore wa pili.

Paneli za ubavuni tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 6, ikae ndani ya mfereji bila gundi, kwa sababu fremu itavimba masika na kusinyaa kaskazi na paneli lazima icheze humo. Na chini ya kila paneli toboa matundu madogo ya maji. Usiyasahau haya matundu, wallahi ndiyo yanayoamua kama gari litaishi.

Paa liwe jepesi: fito za milimita 12 zenye nafasi kati yake, juu yake turubai la maradufu lililovutwa vizuri na kupakwa rangi ya mafuta. Fundi wa matanga atakushonea pindo bora kuliko fundi yeyote wa viti.

Usalama hauna mjadala. Mikanda ya abiria ifungwe kwenye chuma kilichoshikana na chasisi, kamwe isifungwe kwenye mbao. Vioo viwe vya gari si vya dirisha la nyumba. Ekzosi ikae mbali na mbao, weka karatasi ya alumini katikati kama ngao, na mlango wa nyuma uwe na raba kuzunguka kote, manake gari likikimbia hewa inavuta moshi na vumbi ndani kwa nyuma. Umeme nao, mbao haipitishi, kila taa unayoweka nyuma lazima iwe na waya wake wa ethi mpaka kwenye chasisi. Taa ikiwaka nusu nusu anzia hapo.

Vanishi usiipake mwisho peke yake. Kila kipande kipakwe pande zote sita kabla ya kuunganishwa, isipokuwa pale panaposhika gundi, na zile ncha zilizokatwa zinywe mpaka zikatae, hapo ndipo mbao hunywa maji kama mrija. Baada ya kuunganisha ndio unaanza koti za nje, vanishi ya baharini yenye kinga ya jua, sita au nane, unapiga msasa wa 220 katikati. Fanya Januari au Februari, asubuhi kabla upepo haujainua mchanga. Sifa, yaani mafuta ya papa, iache kwa jahazi, kwenye gari inashika vumbi na harufu haitoki.

Ukimaliza lipige maji ya bomba kwa nusu saa, mtu mmoja ndani na tochi. Alafu lipeleke barabara ya vumbi yenye matuta matuta kama mawimbi, urudi ukaze bolti zote, ukaze tena baada ya mwezi, na kila mwaka kabla ya masika koti moja ya vanishi, ukianzia chini ya milango.